Msumari wa SIGN mbele ya uchovu wa chuma

Mgonjwa aliyetoka wodi ya mifupa huwaambia nduguze kwamba amewekewa chuma, na ni nadra mtu kumuuliza ni chuma gani. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, kwa aliyevunjika paja au muundi katika ajali ya bodaboda, chuma hicho huwa ni msumari wa SIGN: fimbo isiyo na tundu katikati, inayopigwa ndani ya uvungu wa mfupa na kufungwa kwa skrubu juu na chini ya mahali palipovunjika. Shirika linaloutengeneza, SIGN (kifupi cha Surgical Implant Generation Network), lilianzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, mpasuaji wa mifupa wa mji wa Richland katika jimbo la Washington, Marekani, ambaye aliwahi kutumika kama daktari wa jeshi katika vita vya Vietnam. Lengo lilikuwa kupata msumari unaoweza kuwekwa na kufungwa mahali ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei ya kuonyesha picha papo hapo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa vituo vilivyoutumia kwa miaka mingi na kuufanyia utafiti.

Sifa zake za wepesi wa matumizi na za ukarimu wa wanaoutoa zimeshaandikwa vya kutosha. Tathmini hii inaupima kwa kigezo kingine ambacho mgonjwa hakioni siku ya upasuaji: namna unavyohimili mzigo usio mkubwa sana lakini unaorudiwa mamia ya maelfu ya mara, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kawaida ambayo vipandikizi vya mifupa huvunjika.

Wahandisi hukiita kitu hicho uchovu wa metali. Waya ambao mkono hauwezi kuukata kwa kuuvuta hukatika wenyewe ukikunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa, na kipandikizi hufa kwa njia hiyo hiyo, ila polepole zaidi. August Wöhler, mhandisi wa reli za Prussia, alilichunguza jambo hili katikati ya karne ya 19, kwa sababu ekseli za mabehewa zilikuwa zikivunjika chini ya mizigo ambayo, kwa hesabu za wakati ule, zilipaswa kuibeba bila shida. Alichoonyesha ni kwamba kila mkazo una idadi yake ya marudio: ukiupunguza mkazo, idadi ya marudio ambayo chuma kinaweza kustahimili inaongezeka sana. Ufa huanza mahali padogo, aghalabu penye mkwaruzo, kona au ukingo wa tundu, kisha husonga mbele kidogo kila mzigo unaporudi, hadi sehemu iliyobaki nzima inakuwa nyembamba mno na kuachia ghafla. Ndiyo maana mgonjwa husema alikuwa anatembea tu, hakuanguka wala hakubeba kitu, akasikia kishindo pajani. Anasema kweli, na anayemshuku kwamba alicheza mpira kwa siri anakosea mara nyingi kuliko anavyopatia.

Wanaopima viungo bandia katika maabara hukadiria kwamba mguu mmoja wa mtu anayetembea kwa kawaida hupokea mzigo kiasi cha mara milioni moja kwa mwaka. Vipimo vilivyofanywa kwa watu waliowekewa nyonga bandia zenye vihisio vilionyesha kwamba nguvu inayopita kwenye nyonga wakati wa kutembea ni takribani mara 2.4 ya uzito wa mwili, ikimaanisha kwamba mtu wa kilo 70 huibebesha nyonga yake zaidi ya kilo 160 kwa kila hatua, na akijikwaa nguvu hiyo hupanda mno. Mgonjwa aliyevunjika hatembei hivyo wiki za mwanzo, kwa kuwa ana magongo na maumivu, lakini hesabu huanza kuhesabiwa siku anapokanyaga kwa mara ya kwanza. Hakuna msumari wala pleti (bamba la chuma la kufungia mfupa kwa skrubu) iliyoundwa kubeba mzigo huo milele. Kinachotarajiwa ni kwamba mfupa mpya utaota, utakomaa na kuupokea mzigo kabla ufa haujapevuka ndani ya chuma. Mfupa ukiunga, chuma hupumzika, hata kama kitakaa mwilini miaka mingi. Usipounga, hata kipandikizi cha bei ya juu kuliko vyote kitavunjika, na lawama itakuwa ya kuigawa kwa haki kati ya chuma, mpasuaji, maambukizi, sigara na ajali yenyewe.

Kwa kigezo hicho, jambo la kwanza la kuusifu msumari huu ni mahali unapokaa. Pleti hufungwa upande mmoja wa mfupa, mbali na mstari ambao uzito unapitia, hivyo kila hatua huikunja. Ikiwa upande wa pili wa mfupa umesagika na umeacha pengo, pleti ndiyo inayobeba kila kitu, na mkunjo wote hujikusanya kwenye tundu moja au mawili yaliyo mkabala na pengo. Msumari huwa katikati ya mfupa, karibu na mstari huo, na hugawana mzigo na mfupa. Faida hii si ya SIGN peke yake, maana ilijulikana tangu Gerhard Küntscher alipoanza kutumia misumari ya namna hii huko Kiel, Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1939. Hata hivyo, katika hospitali ambayo chaguo halisi ni kati ya msumari wa SIGN na pleti iliyonunuliwa dukani bila cheti cha kueleweka, tofauti ya mahali pa kukaa ina uzito kuliko tofauti ya nembo.

Jambo la pili ni unene, na hapa hesabu zinastahili kufuatwa kwa makini. Misumari hii hupatikana kwa kipenyo cha milimita 8 hadi 12. Kwa fimbo ya duara isiyo na tundu, ugumu wa kukunjika hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha nne, na mkazo kwenye uso wa chuma hupungua kwa kipeo cha tatu. Kwa lugha ya kawaida, msumari wa milimita 10 una ugumu wa karibu mara mbili na nusu ya ule wa milimita 8, na chini ya mkunjo uleule uso wake hupata takribani nusu tu ya mkazo. Kwa kuwa uhai wa chuma kinachochoka hubadilika mno hata kwa mabadiliko madogo ya mkazo, milimita moja ya ziada inaweza kutenganisha msumari unaovunjika mwezi wa saba na ule ambao hautavunjika kabisa. Katika mfumo wa SIGN, uvungu wa mfupa hupanuliwa kwa zana za kuzungushwa kwa mkono, bila mota. Kazi hiyo ni ya jasho, na kishawishi cha kuridhika na msumari mwembamba kwa sababu kuupanua uvungu zaidi kunachosha ni kikubwa. Mpasuaji anayekubali kutoa jasho la dakika chache zaidi humwongezea mgonjwa wake umri wa chuma kuliko jambo lingine lolote analoweza kufanya siku hiyo. Unga wa mfupa unaotoka wakati wa kupanua nao unafaa kurudishwa kwenye mvunjiko ili kusaidia kuunga.

Wapo wanaodai kwamba msumari huu hauvunjiki kwa sababu hauna tundu katikati. Dai hilo limetiwa chumvi. Ukichukua msumari wa milimita 10 ukautoboa katikati kwa tundu la milimita 5, unapoteza asilimia 6 hivi tu ya ugumu wake, kwa sababu chuma cha katikati hakifanyi kazi kubwa msumari unapokunjwa. Faida ya kweli ya kutokuwa na tundu iko kwingine: hakuna uvungu uliofungika ambamo bakteria wanaweza kujificha mbali na damu na dawa, na majaribio ya wanyama yaliunga mkono hoja hiyo. Kwa mivunjiko iliyo wazi, iliyotambaa kwenye vumbi la barabara, hilo si jambo dogo. Lina uhusiano wa moja kwa moja na uchovu wa chuma pia, kwa kuwa mfupa wenye usaha hauungi, na mfupa usiounga huumaliza msumari.

Msumari wenyewe ni wa chuma kisichoshika kutu. Chuma cha aina hiyo kinachotumika mwilini huwa na kromiamu, nikeli na molibdeni, na ugumu wake wa asili ni kama mara mbili ya ule wa aloi ya titani, ambayo nayo bado ni ngumu mara kadhaa kuliko mfupa. Titani ina uwezo mzuri wa kuhimili marudio na haiingii kutu kirahisi, lakini huadhibu vikali mkwaruzo wowote uliobaki juu yake. Chuma kisichoshika kutu ni cha bei nafuu na kinakunjika kwanza kabla ya kukatika pale kinapozidiwa kwa mara moja, jambo linalompa daktari onyo kwenye eksirei. Udhaifu wake ni kwamba majimaji ya mwili yana chumvi, na mahali ambapo skrubu inasuguana na ukingo wa mwanya, ile ngozi nyembamba ya oksidi inayokilinda huparurika na kujirudishia tena na tena. Kutu na uchovu hapo hufanya kazi pamoja, na kikomo salama kilichopimwa hewani hakiwezi kuchukuliwa kama kilivyo. Kwa kipandikizi ambacho kazi yake ni ya miezi kadhaa, naona uchaguzi huu ni wa busara. Kwa nyonga bandia inayotakiwa kudumu miaka 20 ningesema vingine, na historia ingeniunga mkono: mihimili ya nyonga ya chuma cha aina hii ilivunjika kwa uchovu kwa idadi ya kutosha katika miaka ya 1970 hata watengenezaji wakalazimika kubadilisha maumbo na aloi.

Sehemu inayostahili kuangaliwa kwa jicho kali zaidi ni mianya ya skrubu. Kila tundu katika chuma ni mahali ambapo mkazo hujikusanya. Kwenye bamba pana linalovutwa, ukingo wa tundu dogo la duara hupata mkazo wa kama mara tatu ya ule ulioko mbali nalo. Msumari unapovunjika, kwa kawaida huvunjika kwenye tundu la skrubu, hasa lile la chini lililo karibu zaidi na mvunjiko. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1987 kuhusu misumari ya paja iliyovunjika ulionyesha kwamba hatari hupanda mvunjiko unapokuwa ndani ya sentimita 5 hivi kutoka kwenye tundu hilo. Kanuni hiyo inatumika kwa msumari wowote wa kufungwa kwa skrubu, na SIGN haina kinga dhidi yake. Mgonjwa aliyevunjika karibu na goti, akapewa msumari mwembamba na kuruhusiwa kukanyaga kwa uzito wote mapema, amewekwa mahali ambapo hesabu zote tatu zinamwendea kombo. Kuuingiza msumari kutokea gotini, njia ambayo zana hizi zinairuhusu, hubadilisha mpangilio wa mianya na mara nyingi ndiyo suluhisho bora kwa mivunjiko hiyo.

Katika suala hilohilo, zana za SIGN zina ubora ambao sijaona ukisifiwa inavyopasa. Katika mifumo ya kawaida, mpasuaji huyatafuta matundu ya chini kwa kutazama eksirei na kulenga kwa mkono, na keekee ikipotoka kidogo huuma ukingo wa tundu na kuacha kidonda ambacho ufa utakipenda. SIGN hutumia mkono wa kulengea uliofungwa kwenye mpini wa msumari, kisha kifaa cha kutafutia mwanya ambacho mpasuaji hukiingiza kupitia gamba la kwanza la mfupa na kukizungusha hadi ahisi kimeingia. Baada ya hapo huingizwa kifaa kama hicho chenye tundu, na keekee hupita ndani yake kwenda kutoboa gamba la pili. Wabunifu walikuwa wanatatua tatizo la ukosefu wa eksirei, lakini njiani wakaweka kizuizi kati ya ncha ya keekee na ukingo wa mwanya. Mafunzo ya kuzoea hisia hiyo ya mkono huchukua muda, na anayejifunza anaweza kukaa muda mrefu akitafuta mwanya ambao fundi wake huupata kwa pumzi moja.

Skrubu ni habari fupi. Ni nyembamba kuliko msumari na hukunjwa kila hatua, kwa hiyo huvunjika mara nyingi zaidi kuliko msumari wenyewe, na tukio hilo si lazima liwe msiba. Skrubu moja ikikatika katika mvunjiko uliokaa vizuri, ncha za mfupa husogeleana na kubanana, na wakati mwingine kubanana huko ndiko mfupa ulikokuwa unakungoja. Katika mvunjiko uliosagika, ambapo skrubu ndizo zinazozuia mguu kufupika, hadithi ni nyingine kabisa.

Kipandikizi hakiwezi kutathminiwa bila kuangalia wagonjwa waliorudi. SIGN huzitaka hospitali ziingize kila upasuaji katika hifadhidata yake ya mtandaoni, pamoja na picha za eksirei na za ufuatiliaji, na vipandikizi hujaziwa tena kulingana na kazi iliyoripotiwa. Miongoni mwa picha zinazoombwa ni ya mgonjwa akiwa amechuchumaa huku anatabasamu. Wengine huliona jambo hilo kuwa la kuwafurahisha wafadhili, nami sikubaliani nao: kuchuchumaa hulibebesha paja na goti mzigo mkubwa, na mtu ambaye mfupa wake haujaunga hafiki chini, au akifika, uso wake humsaliti. Kwa mgonjwa anayetumia choo cha shimo na kulima kwa jembe la mkono, kipimo hicho kina maana kuliko dodoso lililoandikwa kwa ajili ya watu wa mazingira mengine.

Ushahidi ulio bora zaidi wa karibu yetu ni jaribio lililofanyika MOI, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2020, ambapo watu wazima 240 waliovunjika muundi kwa jeraha lililo wazi waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya msumari na fremu ya nje, yaani ile inayokaa nje ya mguu na kuushika mfupa kwa pini. Baada ya mwaka mmoja, vifo na upasuaji wa marudio kwa sababu ya maambukizi ya ndani, mfupa kutounga au kupinda havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Waliowekewa msumari walikuwa na hali nzuri zaidi wiki za mwanzo, na mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi. Anayetaka kuuza msumari huu kama muujiza hapati msaada hapo; anayetaka kujua kama unaaminika katika mazingira yetu amepata jibu la kutosha. Kunyooka kwa mfupa kuna maana hata kwa mada yetu, kwani mfupa uliopinda huugeuza kila mzigo wa kusimama kuwa mzigo wa kukunja.

Kasoro zipo. Umbo la msumari ni moja kwa kazi nyingi: una mkunjo wa nyuzi 9 upande wa juu na wa nyuzi 1.5 chini, kisha umenyooka, wakati mfupa wa paja una upinde wa mbele kutoka nyonga hadi goti. Kwenye muundi unakaa vizuri. Kwenye paja hukaa kwa kugusa pointi chache, na hilo linadai uvungu uliopanuliwa vya kutosha na uchaguzi mzuri wa mahali pa kuingilia. Kasoro nyingine huonekana siku mbaya tu: msumari usio na tundu ukivunjika, kipande cha chini ni kigumu kukitoa. Msumari wenye tundu huvuliwa kwa ndoano ndefu inayopitishwa katikati na kushika ncha ya chini. Hapa hakuna pa kupitisha kitu. Mpasuaji hulazimika kusukuma kutokea gotini au kuufungua mfupa pale ulipovunjika, na mgonjwa hulipa kwa damu na muda. Hospitali inayoweka misumari hii kwa wingi inapaswa kuwa na mtu anayejua kuitoa ikiwa imevunjika, wala isisubiri hadi mgonjwa awe mezani.

Upatikanaji wa saizi nao huamua mengi. Mfumo wa kujaziwa kwa kadiri ya ripoti ni wa haki, lakini unaitegemea hospitali yenye mtu wa kuingiza takwimu kila wiki. Mtu huyo akihama au intaneti ikisumbua, saizi zinazotumika sana hupungua kwanza, na aliyestahili milimita 11 hupata 9. Kwa hesabu ya kipeo cha tatu, uso wa msumari wa 9 hupata mkazo wa karibu mara 1.8 ya ule wa 11. Ningependelea mpasuaji aahirishe kwa siku mbili akisubiri saizi ifike kutoka kituo jirani, pale hali ya mgonjwa inaporuhusu, kuliko kuweka kilichopo kwa kuwa ndicho kilichopo.

Lipo pia suala la kutumia tena msumari uliotolewa kwa mgonjwa aliyeunga. Unang'aa, umenyooka, umechemshwa, na macho hayaoni kasoro yoyote. Lakini marudio uliyoyabeba hayafutiki kwa kuchemshwa, na ufa ambao haujafika urefu wa kuonekana utaendelea pale ulipoishia ndani ya mwili mwingine. Msumari uliotolewa unapaswa kuharibiwa au kupelekwa darasani.

Kwa mtu mzima aliyevunjika katikati ya paja au ya muundi, katika hospitali yenye programu hii na saizi kamili, sioni sababu ya kumshauri atafute msumari wa bei ghali wa hospitali binafsi kwa hofu kwamba huu utavunjika. Kwa aliyevunjika karibu sana na kifundo cha mguu au chini kabisa ya paja, ningetaka kwanza kuona eksirei na kujua skrubu ngapi zitashika kipande cha chini. Na kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mgonjwa au nduguye aulize mambo matatu yaandikwe kwenye kadi yake: kipenyo cha msumari, umbali wa mvunjiko kutoka kwenye skrubu ya karibu, na tarehe ya eksirei inayofuata. Maumivu yanayorudi baada ya kuwa yamekwisha, hasa kuanzia mwezi wa nne na kuendelea, ni sababu ya kurudi hospitali wiki hiyohiyo bila kungoja tarehe iliyoandikwa, maana msumari ambao bado haujakatika hubadilishwa kwa mwingine mnene zaidi kwa upasuaji wa kawaida.